Mpaka Unapita Hapo Ulipolala

Mtani wangu Juma Maganga,

Nina miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili, watoto watatu na wenyeviti wa kijiji sita, na huyu wa saba anakohoa. Nyoka fira aliniuma mguu nikiwa kijana. Mimi nikaishi, fira akafa. Wakati wa vijiji vya ujamaa tulihamishwa, nikarudi kwa miguu. Korosho imepanda bei, imeshuka, imepanda, imeshuka, mimi nipo. Sikutegemea kukuzika wewe, mtu wa miaka hamsini na minne mwenye meno yote.

Salamu ilikuwa kazi yako kuanza. Ulikuwa unashuka kwenye pikipiki pale uani kwangu, kofia ngumu hujaivua, "Shikamoo Mzee Kondo," halafu hapo hapo, "hivi nyie Wazaramo bado hamjaisha tu?" Nami naitikia, "Marahaba mpagazi wa Kinyamwezi. Tua mzigo upumzike." Kama unaamkia huko uliko, basi marahaba.

Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe, usishangae. Nilikwambia nilisoma kisomo cha watu wazima nikawa wa kwanza, ukauliza darasa lilikuwa na watu wangapi. Tulikuwa wanne. Wa kwanza ni wa kwanza. Nina daftari la mjukuu wangu na penseli, na mchana kutwa ni wangu kwa kuwa mgongo umelikataa jembe. Naandika mstari, napumzika, naandika mwingine. Kuna jambo nimekufanyia baada ya kufa kwako, na sitaki ulisikie kwa watu.

Nianze na habari za hapa. Mvua za vuli zimetudanganya. Mihogo ipo. Mkeo Mama Shija ni mzima wa afya, ila anafunga mizigo. Nitafika huko.

Unakumbuka yalivyoanza. Ulikuja na Mama Shija nyuma ya pikipiki, ukaniambia mmeitwa Kibaha, watumishi wa Kibaha na wa Kisarawe pamoja, maafisa ardhi, watu wa mipango, watendaji, mkafundishwe kupima kwa GPS na kuchora ramani kwa kompyuta. Ulikuwa na furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Ukanieleza kwamba huko juu kuna satelaiti, na ukishika kishikwambi mkononi zinakujua ulipo, hata uwe chooni. Nikakuuliza, na mpaka wa kijiji zinaujua? Ukafikiri. Ukasema, "Hapana mzee. Zenyewe zinajua mtu aliposimama. Mpaka unaujua wewe."

Maneno hayo nimetembea nayo mpaka leo. Msomi wa chuo cha ardhi, mbele ya mkewe, anasema mpaka unaujua wewe.

Na ni kweli. Kati ya Mzenga na Dutumi hakuna mtu anayeujua mpaka wa kijiji chetu kama mimi. Baba alinitembeza nikiwa na miaka saba. Kila penye alama alinikalisha chini, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma, akasema kula hapa hapa, siku ukisahau mpaka utakumbuka ulipokula. Kwenye mkwaju nilikula. Kwenye jiwe lenye mgongo kama wa kobe nilikula. Makaburini hatukula, tulikaa kimya tu kwa mbali na muhogo mkononi. Nikaumalizia kwenye korongo. Wazee wangapi wa leo wanakumbuka walichokula wakiwa na miaka saba?

Wiki ya pili ya mafunzo ilikuwa ya vitendo, ukawaleta wenzako kwetu, gari mbili zimejaa. Watu wa upande wa Dutumi walikuja na Mzee Salum, yule mbishi, ili tukubaliane alama. Kishikwambi alikishika Neema, mtendaji wetu wa kijiji, naye alikuwa mwanafunzi pamoja nanyi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mimi natangulia, Neema ananifuata, na kile chombo kinaandika anapokanyaga. Anapokanyaga ndipo mstari unapopita. Ulilisema mara tatu. Nililisikia mara zote tatu.

Toka kwenye mkwaju hadi kwenye jiwe nilikwenda kama kijana anayefuata mke. Wenzako walikuwa wanajikuna upupu, mmoja soli ya kiatu imebaki kwenye matope. Nikawa nawaambia, fuateni, fuateni, satelaiti imetangulia. Wewe ulikuwa nyuma unacheka. Tukafika makaburini.

Sasa hili unalijua, lakini acha niliandike ili na mimi nilione. Mpaka unapita nyuma ya makaburi, upande wa machweo. Makaburi yote ni yetu. Ila ile safu ya nyuma kabisa, ya wazee wa zamani wasio na alama zaidi ya vigae vya vyungu, imelala juu ya mstari wenyewe. Kufuata mpaka ni kuwakanyaga. Na sisi hatukanyagi kaburi, hatuongei tukipita pale, hatunyooshi kidole. Unavua viatu, unafunga mdomo, unazunguka kwa chini kwenye njia ya upande wa kijijini, unatokea ng'ambo, ndiyo unavaa viatu tena. Nimefanya hivyo tangu nina miaka saba.

Siku ile nikavua viatu. Nikafunga mdomo. Nikazunguka kwa chini. Nikasikia nyuma yangu na nyie mnavua viatu, hata yule bwana mnene wa mipango, nikafurahi, nikasema moyoni kumbe watumishi wa siku hizi wana adabu. Neema akanifuata hatua kwa hatua, kishikwambi kifuani kama mtu aliyebeba msahafu. Na kile chombo kikaandika.

Wallahi sikukumbuka. Mimi pale nilikuwa napita makaburini, sikuwa napima mpaka. Mpaka hapo lilikuwa kosa la miguu, na miguu ilifundishwa hivyo.

Kosa lililofuata ni la mdomo.

Siku ya kufunga mafunzo ulinipeleka Kibaha, nimekaa kiti cha mbele cha gari la serikali, kanzu na koti. Ukumbini ile ramani ikamulikwa ukutani. Mkufunzi wenu, yule mama mwenye miwani, akaniinua mbele za watu akasema huyu ndiye GPS yetu ya asili. Wakapiga makofi, watu wenye digrii zao. Nikavishwa kofia. Ikaletwa fomu ya mtu aliyeonyesha mipaka, na kidude cha wino ili niweke dole gumba. Nikakisukuma kando. Nikaomba kalamu. Nikaandika Kondo Pazi, herufi zote, hakuna iliyobaki nje, na makofi yakaja tena.

Wewe ulikuwa unaitazama ramani. Ukaenda mpaka ukutani, ukagusa pale, ukasema, "Mzee Kondo, mbona hapa mpaka umeingia ndani? Kama tonge limemegwa."

Wote wakanigeukia. Nikatazama. Na mimi ambaye sijawahi kusoma ramani maisha yangu yote, ile niliisoma. Mkwaju ule. Jiwe lile. Baada ya jiwe mstari unapinda kuja kwetu, unazunguka, unarudi, halafu korongo. Ilikuwa ni miguu yangu ile, Maganga. Miguu yangu ikizunguka, imebandikwa ukutani Kibaha. Na makaburi yalikuwa yamebaki nje, kwa jirani.

Lilitakiwa neno moja tu. Mtani, pale nilizunguka. Mngecheka, ungenitania mwaka mzima, Neema angefuta. Lakini makofi bado yalikuwa masikioni, kofia mpya kichwani, sahihi haijakauka. Nikasema, "Ndipo ulipo. Mimi sikosei mpaka."

Ukanitazama kidogo. Ukasema, "Mzee akisema ndipo, basi ndipo," ukaenda kukaa.

Kwenye gari tukirudi uliniambia taratibu, dereva asisikie, "Hii ni ya kujifunzia tu mzee wangu. Kiangazi tutarudi kupima ya kweli. Tutapita polepole." Hukuniuliza lolote. Ulinifungulia mlango nitoke bila aibu, na mimi badala ya kutoka nikaanza kukuhadithia fira.

Kiangazi kilikuja. Wewe ukaanguka asubuhi mswaki ukiwa mkononi. Presha, walisema.

Ndugu zako walitaka kukusafirisha Tabora. Mama Shija akakataa, akasema wewe mwenyewe ulisema ukifa uzikwe kwa watani zako, uone watakufanya nini. Tulikufanya. Nilikaa mbele ya jeneza nikazuia njia. Nikaingia kaburini kabla yako, nikajilaza, nikawaambia kaburi hili ni fupi, huyu babu zake walikuja pwani kwa miguu na meno ya tembo kichwani, ana miguu ya twiga, chimbeni. Nikakataa kutoka mpaka shemeji zako waliponibembeleza. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, mazishi ya mtani ndivyo yanavyotakiwa, na sijaona mtani aliyefanya kazi yake vizuri kama mimi siku ile. Kulia nilikwenda kulia kwenye banda la mbuzi.

Na mahali pako nilipachagua mimi. Nilisema mbele ya wote, Salum akiwepo, "Huyu ni afisa ardhi. Alale nyuma kabisa, mpakani, atulindie." Ilibaki nafasi moja tu kule nyuma, nikakupa wewe.

Umesikia nilichosema? Mpakani. Ukumbini Kibaha nimesema mpaka uko kwingine, na kaburi lako nimelichimbisha kwenye mpaka wenyewe. Nilikuwa ninajua siku zote. Sikuwa mzee aliyesahau.

Ile ramani ya kujifunzia haikufutwa. Nyingine haikupimwa, aliyekuwa na nia hiyo ni wewe. Ikakaa kwenye kompyuta, na aliyekuja kutafuta mpaka akaikuta hiyo, safi, ina rangi, ina sahihi. Baada ya masika wakaja watu wa viwanja, wamenunua ule upande wa pili, wakapigilia vigingi kwenye njia ya chini. Kigingi cha kwanza kiko hatua kumi toka kwa mke wangu Mwanaidi. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, wenye makaburi wajiandikishe, yatahamishwa. Wakapita kuyapaka namba kwa rangi nyekundu. Mwanaidi ni nane. Wewe una kibao kipya, wakakuona, ni kumi na tisa. Kwenye safu yenu ya nyuma mwenye rangi akaniuliza, "Hapa kuna watu?" Nikasema wapo. Akasema, "Majina?" Ninayajua mawili. Babu yake baba yangu yuko pale na jina lake sina. Wasio na jina hawakupewa namba. Trekta litapita juu yao kwa kuwa hawako kwenye karatasi, na mimi niliogopa kuwakanyaga kwa miguu mitupu.

Nilikwenda ofisini. Aliyekaa sasa kwenye kazi yako ni kijana mpole, aliniamkia, akanipa kiti, akanigeuzia kompyuta. Kumbe na fomu wameitia humo. Kondo Pazi, herufi zote. Akasema, "Babu, mpaka huu umeuonyesha mwenyewe." Ingekuwa dole gumba ningekana.

Sasa ndiyo lile nililokuja kukwambia.

Uliitishwa mkutano wa kijiji. Watu wamechachamaa, wengine wana mama zao mle. Mwenyekiti akauliza nani aliwaonyesha wapimaji. Macho yote kwangu. Nikasimama, nikashika fimbo yangu vizuri, nikasema, "Mimi niliwaonyesha sawasawa. Aliyeharibu ni Maganga na mashine yake. Mnyamwezi atajuaje makaburi ya watu?"

Hakuna aliyecheka. Haukuwa utani, na walijua haukuwa utani. Mama Shija alikuwa amekaa na wanawake. Aliinuka, akajifunga kanga upya, akaondoka peke yake, na ule mkutano wote ukamtazama mgongo.

Tangu siku ile hakuna anayebisha hodi kwake. Kisimani mwanamke mmoja alimwambia, "Mumeo katuuza." Mke wako ambaye alipika msiba wa Mwanaidi siku tatu bila kulala. Ndiyo maana anafunga mizigo. Na kasema hakuachi. Kasema wakikufukua, hakuna kukuzika tena kwetu, anakubeba kwenda Tabora, kwa kuwa hapa ulipotukanwa si kwenu.

Nimekaa na hilo mwezi mzima, Maganga. Nilikuwa napita nyumba yako kwa njia ya kuzunguka. Kuzunguka ninajua.

Juzijuzi nilibisha hodi. Alikuwa anakunja mashuka, hakuacha kukunja. Nikamwambia yote kama nilivyoandika hapa, miguu na mdomo. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Akanipa shuka nishike upande wa pili. Tukakunja. Halafu akasema, "Alijua, Mzee Kondo. Alirudi toka Kibaha akaniambia, mzee wangu kazunguka kwa adabu, nami nimemuuliza mbele za watu, kosa langu. Nitamrudisha polepole asiaibike."

Kosa langu. Ulisema hivyo. Mtu mzima nimekaa kwenye mkeka wa mkeo nashika pembe ya shuka, siwezi kuiachia.

Kesho yake asubuhi nikawaita Neema na Salum. Mama Shija alikuja bila kuitwa. Nikavua viatu. Nikamwambia Neema washa hicho chombo, leo tunapita panapopita. Nikakanyaga. Udongo wa mle ni laini, unazama. Kila hatua niliomba radhi, na kila baada ya hatua chache nikasema kwa sauti, pale ambapo sijawahi kufungua mdomo toka nizaliwe, mpaka ni hapa, na hapa, na hapa. Nilinyoosha na kidole. Nikafika kwako. Sikukukanyaga, wewe nilipita kwenye ukingo, miguu imekataa. Salum amebishana na mimi miaka hamsini, hata jua likichomoza atabisha. Alisimama upande wake akasema, "Ni hapo. Baba yangu na yeye alisema ni hapo." Neema akafuta macho akasema, "Babu, kimeandika."

Akaituma ofisini. Wamejibu wamepokea. Yule kijana mpole kanieleza kwa heshima zote kwamba ramani iliyokwisha kupita haibadilishwi kwa mzee kubadili kauli, labda pande zote mbili zikae, na viwanja vina wenyewe tayari. Nikamuuliza zitakaa lini. Akatazama kompyuta kama vile jibu liko humo.

Kwa hiyo vigingi vipo. Jumatatu wanaanza kuchimba. Sikupi matumaini, sina. Nimekudanganya vya kutosha.

Kilichobaki mkononi mwangu ni jina lako tu. Jumapili kuna mkutano wa mwisho wa wenye makaburi. Nitasimama pale pale niliposimama, bila fimbo na bila ile kofia, niseme nani alizunguka, nani aliulizwa, nani alikaa kimya, na nani alikufa akiwa amemsitiri. Watanizomea. Sijawahi kuzomewa, ngoja nijue kulivyo. Mama Shija kasema atakuja kusikiliza kwanza, mizigo ataiacha imefungwa. Kama ataondoka na wewe, ana haki. Kama atakuacha kwetu, popote watakapotupeleka, nakuahidi hili: kabla hujashushwa nitaingia mimi kwanza, nijilaze, nilipime, nimtukane aliyechimba. Mgongo utauma. Ndiyo kazi ya mtani, na wewe ndiye uliyenibakia.

Lala, mpagazi. Hujatua mzigo hata huko.

Atakayebisha niliyoandika akamuulize Neema binti Hamisi, mtendaji, aliyeshika chombo siku zote mbili. Amuulize Salum wa upande wa Dutumi, asiyewahi kukubaliana na mimi kwa jambo jingine lolote. Amuulize mkeo. Ningekutaja na wewe uwe wa nne, lakini nimeshakusemea mara moja, na sikusemei tena.

Ni mimi mtani wako,
Kondo Pazi